Lebo Iliyokuwa Mlangoni

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, membamba na ya ukaidi, yakamlowesha kila aliyekuja kazini. Saa mbili kamili yakakatika kama bomba lililofungwa, jua likatoka kana kwamba halina habari.

Saa tatu kasoro dakika kumi, muuguzi wa wodi ya koo alipanda ngazi mpaka Chumba cha Sauti, mkononi ameshika kipaza sauti kidogo cha kuenea kiganjani. Katika chumba hicho hospitali iliwarekodi wagonjwa ambao upasuaji ungewanyang'anya sauti. Mgonjwa alikaa mbele ya maikrofoni siku moja au mbili, akasema salamu, majina ya watoto wake, maneno ya kila siku. Baada ya upasuaji alipewa kile kipaza sauti, akibonyeza neno, sauti yake mwenyewe inasikika.

"Jaza, Sikio," muuguzi alisema. "Mwalimu anasubiri koo lake jipya."

Sikio ndiye aliyerekodi sauti za wagonjwa, na jina hilo alipewa kwa kuwa aliweza kusikia mbu akipiga chafya. Alifungua kompyuta, akatazama, akasema kwa sauti ya chini, "Folda ni tupu."

Sauti zote zilikuwa zimefutwa. Za zamani zilikuwa na nakala ya Jumatano iliyopita, zingerudi kabla ya chai. Lakini Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza maisha yake yote, alirekodiwa Alhamisi na Ijumaa. Kadi ya kinasa sauti ilikwisha kusafishwa kwa ajili ya mgonjwa anayefuata. Jumamosi koo lake lilipasuliwa. Sauti yake haikuwepo tena popote duniani, si kifuani mwake, si kwenye seva, ile kompyuta kuu ya kuhifadhia rekodi.

Ndipo akaitwa Shangazi.

Alikuwa mpelelezi wa hospitali, mama mtu mzima aliyetumika polisi nusu ya umri wake. Wafanyakazi walimwita Shangazi kwa sababu aliuliza mambo kama shangazi anavyouliza, bila haraka na bila kuomba radhi. Mwaka ule alikuwa akisoma kompyuta jioni katika shule ya msingi ya jirani, magoti yamebanwa chini ya dawati la watoto, na hakumwonea mtu haya. Kabla ya kufungua mlango wowote wa kazi, aliweka mkono kwenye kitasa, akaomba. Siku hiyo aliomba hivi: "Ee Mola, nionyeshe kilicho kweli, na unizuie nisikipende kilicho rahisi."

Kilicho rahisi alikikuta ndani, kimeshaandaliwa.

"Hapa hakuna cha kupeleleza, Shangazi," alisema Mkuu wa kitengo, akimkaribisha kiti ofisini mwake. Alikuwa mwanamume nadhifu, kalamu zake zote zimeelekea upande mmoja. Nyuma ya mlango koti lake lilining'inia likidondosha matone kwenye zulia. "Seva yetu inatunzwa na skripti. Ni maagizo yaliyoandikwa kwa mpangilio, kompyuta inayatekeleza yenyewe, hatua moja baada ya nyingine. Kila hatua ina lebo. Ukitaka baadhi tu, unaita lebo yake. Hatua ya kufuta sauti zote imebaki humo tangu tulipofungua kitengo, tulipokuwa tukifuta rekodi za majaribio. Tuliifunga kwa lebo inayoitwa kamwe. Haiamki mpaka uiite hasa. Leo saa kumi na mbili asubuhi skripti iliendeshwa na fundi wa zamu, peke yake. Aliita."

"Kwa nini amfanyie mzee wa watu hivyo?"

"Wiki iliyopita nilimkaripia kwa kuchelewa. Vijana wa leo moyo wao ni kibiriti."

"Wewe uliingia saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Skripti sikuigusa, niliiacha ili uione ilivyo."

"Ahsante kwa hilo. Na folda ya sauti uliiona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa jioni. Niliipima nafasi, ilikuwa imejaa theluthi mbili. Mwalimu alikuwemo."

Mkurugenzi wa hospitali, mama mwenye maneno machache, alikuwa amesimama mlangoni. "Shangazi, saa kumi jioni nitakwenda kumwambia Mwalimu na mkewe. Saa hiyo hiyo nitasaini barua ya kumwachisha kazi yule binti, fundi wa zamu. Kama una la kunizuia, lilete kabla."

Fundi wa zamu aliitwa kutoka nyumbani. Aliingia macho yamevimba, msichana mwembamba mwenye vidole virefu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiye na hakika kwamba kiti ni chake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa maji kwanza. Hakuna aliyewahi kusema ukweli koo likiwa kavu."

Akanywa. Shangazi akasogeza kiti karibu na skrini. "Sasa nifundishe. Usiniogope, mwalimu wangu wa jioni ni mdogo kuliko wewe na ananigombeza."

Binti alitabasamu kidogo bila kutaka. "Umeona wagonjwa wanavyofungwa utepe mkononi, bluu, kijani, nyekundu? Muuguzi akisema wa bluu waende maabara, wanainuka wa bluu tu. Skripti ni hivyo hivyo. Hatua ni mgonjwa, lebo ni utepe. Ukiiendesha bila kuita lebo, wanainuka wote. Ukiita moja, wanainuka wenye hiyo moja."

"Na kamwe?"

"Huo ni utepe mweusi. Hata ukiamsha hospitali nzima, yeye analala. Lakini akiwa na utepe mwingine pia, na ukauita huo mwingine, anainuka."

"Kwa hiyo mweusi haumlindi na wito wa rangi yake nyingine."

"Haumlindi. Ndiyo maana tulimpa rangi moja tu ya ziada, ya futa, ambayo hakuna anayeiita."

Shangazi alifikiri. "Na ukiufunga utepe kwenye mlango wa wodi, badala ya mkono wa mtu?"

Fundi alimtazama kwa heshima mpya. "Waliomo wote wanahesabiwa wameuvaa. Hatua zinakaa katika mafungu, na lebo ya fungu inarithiwa na kila hatua iliyo ndani."

Akamwonyesha skripti. Ilikuwa na mafungu matatu: la programu mpya, lenye lebo ya sasisha, la nakala, na la usafi. Fungu la usafi lilikuwa na hatua tatu. Kupima nafasi, lebo yake kipimo. Kupanga majina ya faili, lebo yake panga. Na kufuta sauti, lebo zake kamwe na futa. Mlangoni mwa fungu hilo hapakuwa na lebo yoyote.

"Wewe leo uliita nini?"

"Sasisha. Neno moja, kama kila Jumatatu. Halafu nikaenda nyumbani saa moja. Shangazi, mimi nilimshikia Mwalimu maikrofoni kwa mikono hii. Alirekodi majina ya wajukuu, akarekodi na majina ya wanafunzi aliowakumbuka. Nimfute?" Akanyoosha kidole ukutani. "Hapa kuna sheria. Hakuna kuhifadhi badiliko la skripti bila jicho la pili. Unamsomea mwenzako kwa sauti, ndipo unahifadhi. Hata Ijumaa nilimuuliza Mkuu kama ana chochote cha kusomwa kabla sijaondoka. Akasema nenda nyumbani, binti."

Sheria hiyo ilibandikwa ukutani, juu ya seva, na saini ya Mkuu chini yake.

"Akaunti ya kubadilishia skripti ni ya nani?"

"Ni ya pamoja. Neno la siri tunalo watatu, Mkuu, Sikio na mimi. Na inafunguka kwenye kompyuta hii tu."

Kabla ya adhuhuri, muuguzi alimvuta Shangazi pembeni ya ngazi. "Sipendi kusema ya watu," alianza, kama wanavyoanza wote wanaopenda. "Lakini Sikio hakushtuka. Folda tupu, na yeye ametulia kama mtu aliyesomewa habari jana. Na mfagiaji alimwona kwenye kompyuta ile saa moja na nusu, taa imezimwa."

Shangazi alimkuta Sikio akikunja nyaya ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Baba, ulijua kabla ya muuguzi."

Sikio aliendelea kukunja. "Nani kasema?"

"Uso wako. Nao haujui kuficha, mshukuru Mungu kwa hilo."

Sikio aliketi. "Marehemu mama yangu alirekodiwa hapa, mgonjwa wa kwanza kabisa. Kila asubuhi kabla ya kazi ninafungua faili yake. Ananiambia, 'Umekula?' Basi. Dakika moja tu. Kutumia mashine kwa mambo ya nyumbani ni marufuku. Leo nilifungua, nikakuta kimya. Niliogopa kusema. Nikaenda wodini kumsomea Mwalimu gazeti, kama desturi."

"Ulifika wodini saa ngapi?"

"Kabla ya saa mbili kasorobo. Muuguzi alinipokea mwenyewe, muulize. Alinitania kwamba nasoma matangazo ya vifo kama mtangazaji wa mpira."

Muuguzi, alipoulizwa, alikiri. Alikuwa amemwona Sikio kando ya kitanda saa moja na dakika thelathini na tano, na hakutoka mpaka saa mbili na nusu. "Kumbe nimemsingizia," alisema, akajishika shavu.

"Hujamsingizia. Umeniambia ulichoona. Ahsante, na sasa mpelekee chai."

Shangazi alirudi kwenye skrini, akamwomba Fundi amfungulie taarifa ya asubuhi, ile ambayo kompyuta huandika yenyewe kila hatua inapotekelezwa. Wakasoma pamoja. Programu mpya, imefanyika. Kupima nafasi, imefanyika. Kupanga majina, imefanyika. Kufuta sauti, imefanyika. Hatua ya nakala ilirukwa.

"Mwanangu, tulia tusome polepole. Kama ungeita futa, nani angeinuka?"

"Kufuta peke yake."

"Sasisha na futa?"

"Programu mpya na kufuta."

"Basi kupima na kupanga waliinukaje?"

Hofu ilikuwa imemziba Fundi macho siku nzima. Sasa alisogea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. "Waliinuka wa fungu zima. Na wa nakala walilala, kwa hiyo haikuwa hospitali nzima. Shangazi, hii ni lebo ya mlango. Mtu alifunga sasisha mlangoni mwa fungu la usafi."

"Mlangoni hakuna kitu."

"Sasa hakuna."

Walitazamana. Shangazi akauliza swali alilojifunza kwenye dawati la watoto, katika somo la pili kabisa la jioni: "Faili hii ya skripti ilihifadhiwa mara ya mwisho lini?"

Fundi alibonyeza. Leo. Saa moja na dakika arobaini asubuhi.

Shangazi alifumba macho akasema alhamdulillahi polepole, mara moja, kama mtu anayemeza dawa chungu iliyomponya. Saa moja na dakika arobaini, binti alikuwa ameshatoka, na mlinzi wa lango alikuwa amemwambia Shangazi kwamba alimwona akivuka barabara na mwavuli, wala hakumwona akirudi. Sikio alikuwa kando ya kitanda cha Mwalimu. Alibaki Mkuu peke yake, na huyo alisema ameingia saa mbili na nusu, jua likiwaka. Koti lake lilikuwa likitoa maji ya mvua iliyokatika saa mbili.

Hata hivyo hakuinuka. Kumjua mwizi si kurudisha mali. Yule mzee alikuwa bado bubu.

"Mwanangu, mtu akipima nafasi ya folda kwenye seva hii, kuna alama inabaki?"

"Ndiyo, inaandikwa kwenye taarifa."

"Ijumaa folda ya sauti ilipimwa?"

Binti alitafuta. "Hapana. Haijapimwa tangu mwezi uliopita."

"Mkuu ameniambia aliipima Ijumaa jioni, na Mwalimu alikuwemo. Sasa kama hakuipima hapa, alipima nini?"

Fundi alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

Saa tisa na nusu walikutana Chumba cha Sauti: Mkurugenzi, Mkuu, Sikio, Fundi na Shangazi. Fundi alichukua mashine ya mazoezi, akajaza folda ya rekodi za uongo, akafunga lebo ya sasisha mlangoni mwa fungu la usafi, akaiita kwa neno lile moja. Hatua zilipita kwenye skrini kwa mpangilio ule ule wa asubuhi. Folda ikabaki tupu.

"Hii inaonyesha inawezekana," Mkuu alisema. "Haionyeshi ilitokea. Binti angeweza kuita lebo zote nne kwa makusudi, akatuchezea mchezo huu."

"Angeweza," Shangazi alikubali. "Lakini asingeweza kuhifadhi skripti saa moja na dakika arobaini akiwa ng'ambo ya barabara. Koti lako limekauka?"

Mkuu alitazama saa yake.

"Uliniambia umeingia saa mbili na nusu. Manyunyu yalikatika saa mbili. Mimi nilifika kazini saa mbili na robo, kitambaa changu kikavu. Uliingia mvuani, ukakuta folda tupu, ukaelewa papo hapo, maana wewe si mtu wa kutoelewa. Ukaiondoa ile lebo mlangoni, ukahifadhi, ukakaa ofisini kunisubiri."

"Shangazi, haya ni mashitaka makubwa."

"Siyo makubwa kama barua inayosubiri saini. Nijibu moja tu, kaka yangu, na ulijibu kwa ajili ya mzee aliyelazwa huko wodini. Ijumaa ulipima folda gani?"

Mkuu aliweka mkono juu ya mfuko wake.

"Seva haina alama ya kipimo," Shangazi aliendelea, sauti yake imelainika. "Ulikuwa mwangalifu, hukutaka kugusa folda yenyewe. Ulinakili sauti zote kwenye flashi yako, ukajaribu hatua ya kupima kwenye laptopu yako. Uliita kipimo, akainuka kipimo tu, ukaridhika. Halafu ukataka apime kila Jumatatu pamoja na programu mpya, ukafunga sasisha mlangoni. Ulimjaribu mgonjwa mmoja, hukuujaribu mlango. Kwa hiyo sauti ya Mwalimu ipo. Iko mfukoni mwako tangu asubuhi, na huwezi kuitoa bila kujitoa wewe mwenyewe."

Mkuu alitazama ukutani, kwenye sheria yenye saini yake. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mdogo.

"Wageni wa wizara walikuwa waje wiki hii. Niliogopa diski ijae mbele yao. Ilikuwa jioni, nimechoka, nikasema ni neno moja tu, jicho la pili la nini. Mwaka jana fundi wetu wa kwanza alihifadhi badiliko bila kumsomea mtu. Halikuharibu kitu. Nilimfukuza. Nilisema mbele ya wote kwamba hata ingekuwa mimi, ningejifukuza. Asubuhi nilipoona folda tupu, maneno hayo ndiyo yalinijia kwanza, kabla ya Mwalimu. Mungu anisamehe, kabla ya Mwalimu."

"Na mimi?" Fundi aliuliza. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza Ijumaa, Mkuu. Nilikuwa nimeshavaa mkoba begani, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ningelisoma, ningeliona."

"Najua, mwanangu. Siku nzima najua."

Akaingiza mkono mfukoni, akaweka flashi mezani. Sikio ndiye aliyeichukua, kwa vidole viwili, kama anayeokota kifaranga.

Saa kumi na robo walishuka wodini wote. Mkewe Mwalimu, bibi mfupi mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameshika mkono wa mumewe. Alipoona umati huo alisema, "Mmekuja wengi hivi, kuna msiba?"

"Hakuna, mama," alisema Mkurugenzi. "Tumechelewa tu. Tumsikilize."

Sikio aliweka kipaza sauti kiganjani mwa mzee. Mwalimu, shingo imefungwa bandeji, aliwatazama mmoja mmoja kama anayeita mahudhurio. Kisha akabonyeza, na sauti yake ikatoka, nzito na safi, ile ile iliyofundisha vizazi kuhesabu.

"Ahsanteni, watoto. Kaeni."

Bibi alicheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi alikaa kweli, bila kujua. Shangazi aligeukia dirisha, midomo ikimtembea. Alikuwa na shukrani nyingi kuliko maneno, basi akarudia neno moja lile lile mpaka likatosha.

Mkurugenzi alimshika Fundi bega. "Barua nimeichana. Kesho ni zamu yako kama kawaida. Na hatua ile ya kufuta, mkaiondoe kabisa, kitu tusichotaka kamwe kisikae ndani ya nyumba." Akamgeukia Mkuu. "Na wewe nitakuita kesho. Sijui nitaamua nini."

"Utaamua la haki, na nitalipokea," Mkuu alisema. Alisogea mpaka miguuni mwa kitanda, akamweleza Mwalimu na mkewe kila kitu, bila kujipunguzia. Mzee alisikiliza. Mkuu alipomaliza, Mwalimu alikikodolea macho kile kipaza sauti, akatafuta, akabonyeza.

"Rudia zoezi."

Hata Fundi alicheka. Mkuu hakucheka. Alinyoosha mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akasema wakimsikia wote:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, Mwalimu, mama, Mkurugenzi, Shangazi, Sikio, na wewe binti niliyekutupia kosa langu: kesho asubuhi, kabla sijaingia ofisini kwa Mkurugenzi, nitakwenda kwa miguu yangu mpaka nyumbani kwa yule fundi niliyemfukuza. Nitamwambia nimefanya alichofanya, nikafanya na zaidi. Kama bado kuna nafasi yangu hapa, nitaomba apewe yeye."